Robert Koch na kitalu cha bakteria: kwa nini majibu ya kuotesha huchukua siku

Msikilizaji, ukifika hospitali na mtoto anayehara damu, au na mzee mwenye homa isiyopoa, huenda mtaalamu wa maabara akakupa kikopo cha kuwekea choo, mkojo au makohozi. Kisha atakuambia kuwa majibu ya kuotesha yatatoka baada ya siku mbili au tatu, na kwa makohozi hata wiki kadhaa. Wengi wetu hapa Ngara na Biharamulo tukisikia hivyo tunaona tunacheleweshwa. Malaria hupimwa kwa tone la damu na majibu hutoka ukiwa bado umekaa kwenye benchi. Kwa nini kipimo hiki kichukue siku zote hizo?

Jibu fupi ni kwamba bakteria anapandwa kama mbegu. Anawekewa chakula, anawekwa mahali penye joto linalomfaa, anasubiriwa aote, halafu ndipo anatambuliwa ni nani na ni dawa gani inamuua. Leo tunasimulia maisha ya mtu ambaye mchango wake katika kazi hiyo ni mkubwa kuliko wa mwingine yeyote, daktari Mjerumani Robert Koch. Amefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita, lakini sahani zinazotumika maabara leo zinafuata njia yake. Na mkoa wetu wa Kagera umo ndani ya historia yake, kwa mazuri na kwa machungu.

Mtoto wa mji wa machimbo

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz nchini Ujerumani. Ulikuwa mji wa wachimba madini, na baba yake alikuwa ofisa wa migodi. Nyumba yao ilikuwa na watoto wengi. Walizaliwa 13, Robert akiwa wa tatu.

Mwaka 1862 aliingia Chuo Kikuu cha Göttingen, na mwaka 1866 akahitimu udaktari. Mmoja wa walimu wake, Jacob Henle, alikuwa ameandika miaka mingi nyuma kwamba magonjwa ya kuambukiza huenda yanaletwa na viumbe hai wadogo mno. Wakati huo madaktari wengi hawakukubali. Walisema magonjwa yanatokana na hewa chafu, harufu mbaya au udongo. Mtu akiugua kipindupindu, kila daktari alikuwa na maelezo yake.

Mwaka 1867 Koch alimwoa Emmy Fraatz, wakapata mtoto mmoja wa kike, Gertrud. Kijana huyo alitamani kuzunguka dunia, lakini maisha yalimpeleka vijijini. Baada ya kuhudumu kama daktari katika vita kati ya Ujerumani na Ufaransa, mwaka 1872 alipewa kazi ya udaktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo uko nchini Poland.

Daktari wa wilaya na ng'ombe wa kimeta

Maisha ya Wollstein yanaweza kueleweka vizuri na mtu wa Biharamulo au Ngara. Palikuwa na wakulima na wafugaji, maktaba kubwa ilikuwa mbali, na daktari mmoja alitibu kila kitu. Nyumbani kwake Koch aligawa chumba cha kutibia wagonjwa kwa pazia. Upande mmoja wagonjwa, upande wa pili meza yenye hadubini. Inasimuliwa kwamba hadubini hiyo alinunuliwa na mkewe kama zawadi ya siku ya kuzaliwa.

Ugonjwa uliowatesa wafugaji wa pale ulikuwa kimeta. Ng'ombe na kondoo walianguka ghafla wakafa, na watu waliowachuna nao wakaugua. Watafiti wengine walikuwa wameshaona vijiti vidogo kwenye damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta, lakini hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba vijiti hivyo ndivyo vinavyoua. Huenda vilikuwa vimejitokeza tu baada ya ugonjwa.

Koch alichukua maji ya ndani ya jicho la ng'ombe, akayatumia kama chakula, akawaweka humo bakteria wa kimeta na kuwatazama saa baada ya saa. Aliwaona wakirefuka kama nyuzi, halafu wakitengeneza vidonge vigumu mfano wa mbegu. Mbegu hizo hukaa ardhini miaka mingi bila kufa, ndiyo maana malisho yaliyoua ng'ombe mwaka mmoja yanaweza kuua tena baadaye. Aliwaotesha bakteria hao kizazi baada ya kizazi, akamwambukiza panya, na panya akafa kwa kimeta. Mwaka 1876 alipeleka kazi yake kwa Profesa Ferdinand Cohn katika mji wa Breslau, na jina la daktari wa kijijini likaanza kusikika.

Kwa mfugaji wa leo, somo lile bado lina kazi. Ng'ombe akifa ghafla na damu ikimtoka puani au sehemu nyingine za mwili, usimpasue. Ukimpasua, bakteria hukutana na hewa na kutengeneza mbegu hizo kwenye ardhi yako. Mwite mtaalamu wa mifugo.

Kutoka supu hadi kiazi

Mwaka 1880 Koch alihamishiwa Berlin, kwenye Ofisi ya Afya ya Dola. Huko alikutana na tatizo kubwa zaidi.

Wakati huo bakteria walioteshwa kwenye supu. Ukiweka kinyesi au makohozi kwenye supu, bakteria wa kila aina huota humo pamoja, wabaya na wasio na madhara. Ni kama kupanda maharage, mahindi na mtama kwenye shimo moja gizani. Ukichota kidogo, ukamdunga mnyama na akafa, hujui nani amemuua.

Njia ya kutoka ilikuja kupitia kiazi. Koch alitazama kipande cha kiazi mviringo kilichochemshwa na kuachwa wazi, akaona madoa madogo ya rangi mbalimbali. Alipoyapima kwa hadubini alikuta kila doa lina bakteria wa aina moja tu. Juu ya kitu kigumu bakteria hawezi kuogelea kumfuata mwenzake. Anapoangukia ndipo anapozaliana, na watoto wake wote hukaa pamoja kama kichuguu. Wataalamu huliita doa hilo koloni. Ukichukua koloni moja kwa ncha ya waya, umepata ukoo mmoja peke yake.

Lakini si kila bakteria anapenda kiazi. Koch akachanganya supu na jelatini ili igande. Ikawa nzuri, isipokuwa ilikuwa na kasoro moja kubwa, yaani jelatini huyeyuka kabla haijafikia joto la mwili wa binadamu. Bakteria wengi wa magonjwa yetu wanataka joto la nyuzi 37, sawa na mwilini.

Suluhisho lilitoka jikoni kwa mwanamke. Fanny Hesse, mzaliwa wa Marekani, alikuwa mke wa Walther Hesse, daktari aliyefanya kazi kwenye maabara ya Koch. Alimsaidia mumewe kazini na kumchorea picha za bakteria. Nyumbani alizoea kugandisha vyakula kwa aga, unga unaotokana na mimea ya baharini ya jamii ya mwani, ambao haukuyeyuka hata siku za joto. Alipendekeza utumike maabara. Aga huyeyuka kwa moto mkali, huganda ikipoa kufikia nyuzi 40 hivi, na hubaki imara kwenye nyuzi 37. Koch aliitaja aga mwaka 1882 bila kumtaja Fanny Hesse, na mama huyo hakupata malipo yoyote kwa wazo lake. Miaka mitano baadaye, mwaka 1887, msaidizi mwingine wa Koch, Julius Richard Petri, alitengeneza sahani bapa yenye mfuniko ili vumbi lisiingie. Sahani ya Petri na aga ya Fanny Hesse ndizo zinazotumika hadi leo.

Kifua kikuu na kipindupindu

Tarehe 24 Machi 1882, mbele ya wanasayansi wa Berlin, Koch alieleza kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu. Ulaya wakati huo ilikadiriwa kwamba mtu 1 kati ya 7 alikufa kwa ugonjwa huo, na wengi waliamini unarithiwa kwenye ukoo. Bakteria huyu alikuwa mgumu kumpata. Alikataa kushika rangi za kawaida, na alikataa chakula cha kawaida. Koch alimwotesha kwenye majimaji ya damu yaliyogandishwa kwa joto, na ilibidi asubiri, kwa sababu koloni hazikuonekana mpaka wiki ya pili. Mtafiti asiye na subira angetupa vichupa vile kabla.

Tarehe hiyo, 24 Machi, ndiyo Siku ya Kifua Kikuu Duniani tunayoiadhimisha kila mwaka.

Kutokana na kazi hii ulitokea utaratibu unaojulikana kama masharti ya Koch. Ili useme bakteria fulani ndiye anayeleta ugonjwa, lazima umpate kwa wagonjwa wa ugonjwa huo, umtenge na kumwotesha peke yake, umwambukize mnyama mzima naye augue vilevile, kisha umpate tena bakteria yuleyule kwa mnyama huyo. Baadaye ilionekana kwamba masharti haya hayatimii kwa kila ugonjwa, lakini yalifunga mlango wa kubahatisha.

Mwaka 1883 kipindupindu kilizuka Misri. Koch alikwenda Alexandria na wenzake, na Wafaransa nao walipeleka watafiti wao. Mmoja wa Wafaransa hao, kijana Louis Thuillier, aliugua kipindupindu huko akafa. Koch aliendelea hadi Kolkata nchini India, na mwanzoni mwa mwaka 1884 akamtenga bakteria wa kipindupindu, aliyepinda kama mkato wa mwandishi. Mtaliano Filippo Pacini alikuwa ameshamwona tangu 1854, lakini hakusikilizwa.

Mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 katika mji wa Hamburg, Ujerumani. Mji jirani wa Altona, uliokuwa umepakana nao na kutumia maji ya mto uleule, haukupata maafa ya namna hiyo. Tofauti ilikuwa moja. Altona walichuja maji yao kwa mchanga, Hamburg hawakuchuja. Koch alikwenda kuona mwenyewe, na tangu hapo ubishi kuhusu maji na kipindupindu ulipungua sana.

Chakula kinachochagua

Hapa ndipo tunafika kwenye kiini cha makala yetu. Kumtenga bakteria kwenye aga ya kawaida ni rahisi kama ni wachache. Lakini kwenye choo cha binadamu kuna bakteria mabilioni, na anayetafutwa anaweza kuwa mmoja katikati ya maelfu. Ukiwapandia wote chakula kizuri, wale wa kawaida watajaza sahani nzima na mhalifu atafichwa. Kwenye maji ya mto ni hivyohivyo.

Mwaka 1893 Koch alieleza njia ya kumrahisishia kazi mtafuta kipindupindu. Sampuli inawekwa kwanza kwenye maji ya peptoni, chakula chepesi cha protini kilichokwisha kumeng'enywa, kilichotiwa magadi kidogo. Bakteria wa kipindupindu anapenda magadi kuliko wenzake, anaota haraka, na anapanda juu kufuata hewa. Baada ya saa chache unachota juu ya maji na unamkuta amewazidi wengine.

Mwaka 1902 Koch aliongoza kampeni dhidi ya homa ya matumbo, ambayo wengi tunaiita taifodi, katika vijiji vya magharibi mwa Ujerumani karibu na mji wa Trier. Vijana wake wawili, Wilhelm von Drigalski na Heinrich Conradi, walitengeneza aga ya kazi hiyo. Waliweka rangi ya zambarau inayozuia bakteria wengi wengine wasiote. Waliweka pia sukari ya maziwa na dawa ya rangi inayobadilika ikikutana na uchachu. Bakteria wa kawaida wa tumboni hula sukari ile, huchacha, na koloni zake huwa nyekundu. Yule wa taifodi hawezi kuila, na koloni zake hubaki za buluu. Mtaalamu anatazama sahani na macho yake yanakwenda moja kwa moja kwenye doa la buluu.

Kwa sahani hizo Koch na wenzake waligundua jambo lililowashtua wengi. Walikuta taifodi kwa watu waliokwisha kupona, na hata kwa watu ambao hawakuwa wanaumwa kabisa. Watu hao walikuwa wanapika, wanakamua maziwa, wanahudumia familia, na bakteria anatoka nao chooni bila wao kujua. Ndiyo sababu leo wapishi na wahudumu wa vyakula hupimwa afya, na ndiyo sababu kunawa kwa sabuni baada ya choo kunamhusu hata asiyeumwa.

Wengine waliendeleza wazo hilo. Mwingereza Alfred MacConkey alitumia chumvi za nyongo, ambazo bakteria wa tumboni wamezizoea lakini wengi wa nje hawazivumilii. Kwenye aga yake wanaokula sukari ya maziwa huwa na rangi ya waridi, na wale wa taifodi na wa kuhara damu hawana rangi. Aga ya kisasa ya kipindupindu ni ya kijani. Ina magadi, nyongo na sukari ya miwa, na bakteria wa kipindupindu akiota anaigeuza kuwa njano. Kwa kifua kikuu hutumika chakula cha mayai kilichotiwa rangi ya kijani inayozuia wengine, na husubiriwa hadi wiki 8, kwa sababu bakteria huyo bado ni mvivu wa kuota kama alivyokuwa mwaka 1882.

Kwa hiyo mtaalamu anapokuambia usubiri, mbegu iko kitaluni. Siku ya kwanza inaota, siku ya pili inatengwa na kutambuliwa, na siku inayofuata inajaribiwa kwa dawa mbalimbali kuona ipi inaiua.

Koch na Kagera

Mwaka 1897 Koch alitoka India, alikokuwa akichunguza tauni, akafika Dar es Salaam, wakati nchi yetu ikiwa chini ya Wajerumani. Habari zilikuwa zimefika pwani kwamba huko Kiziba, kaskazini ya Bukoba, eneo ambalo leo ni la wilaya ya Missenyi, kuna ugonjwa unaoua watu kwa homa na uvimbe wa mitoki. Wenyeji waliuita rubwunga. Daktari wa jeshi aitwaye Zupitza alipelekwa huko, na uchunguzi ulithibitisha kwamba rubwunga ndiyo tauni ileile iliyokuwa ikiua watu Bombay na Hong Kong. Bakteria wa tauni alikuwa amegunduliwa mwaka 1894 tu. Reli haikuwa imefika ziwani, na mizigo kutoka huku hadi pwani ilibebwa vichwani na wapagazi kwa safari ya wiki nyingi. Hata hivyo ugonjwa wa Kiziba ulipata jina lake sahihi kwa vipimo.

Koch alirudi tena Afrika Mashariki mwaka 1905, akaonyesha jinsi papasi wanavyoeneza homa ya vipindi. Mwishoni mwa mwaka huo alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Alipoacha njia yake mwenyewe

Tungemdanganya msikilizaji tukisema mtu huyu alikuwa bila doa. Mara mbili alitanguliza tumaini mbele ya ushahidi, na mara zote mbili wagonjwa ndio waliolipa.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1890. Alitangaza dawa ya kifua kikuu aliyoiita tuberkulini, akaficha ilivyotengenezwa. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka kila upande. Dawa haikuponya, na baadhi ya waliodungwa hali zao zilizidi kuwa mbaya wakafa. Baadaye ilionekana kuwa inafaa kwa kazi nyingine, kupima kwenye ngozi kama mtu aliwahi kuambukizwa kifua kikuu.

Mara ya pili ilikuwa jirani yetu. Tangu mwaka 1900 hivi malale iliua watu zaidi ya 200,000 kando ya Ziwa Victoria upande wa Uganda. Mwaka 1906 Koch alikuja na kupiga kambi kwenye visiwa vya Sese. Vimelea vya malale si bakteria, wala havikuota kwenye sahani zake. Alivitafuta kwa hadubini kwenye damu na kwenye maji ya mitoki, na wagonjwa walikuja kambini kwa mamia. Aliwadunga Atoxyl, dawa yenye sumu ya aseniki. Mwanzoni vimelea vilitoweka kwenye damu na watu wakapata nafuu, lakini kwa wengi ugonjwa ulirudi. Koch akaongeza kipimo cha dawa. Wagonjwa zaidi ya 20 walipofuka na hawakuona tena. Walikuwa watu wa chini ya utawala wa kikoloni, na hakuna aliyewapa nafasi halisi ya kuuliza au kukataa. Mwaka 1907 kambi nyingine ya malale ilifunguliwa Kigarama, huku Kiziba.

Koch aliondoka Afrika mwaka huohuo. Alifariki tarehe 27 Mei 1910 katika mji wa Baden-Baden kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa katika taasisi inayoitwa kwa jina lake mjini Berlin.

Somo lake katika wilaya zetu

Watu wazima wa Ngara wanakumbuka mwisho wa Aprili 1994, wakati wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi na kujaza Benaco. Miezi michache baadaye, upande wa Goma nchini Kongo, kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu. Miaka ile kuhara damu kulienea katika Maziwa Makuu yote, na bakteria wake, shigela, alikuwa ameshakuwa sugu kwa dawa kadhaa zilizozoeleka. Kidonge kilichomponya mgonjwa wa miaka ya nyuma hakikumsaidia wa 1994. Jambo hilo halionekani kwa macho wala kwa hadubini. Linaonekana bakteria akioteshwa na kujaribiwa na dawa.

Biharamulo nayo ina kumbukumbu yake. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwapo kwa ugonjwa wa Marburg wilayani humo. Wagonjwa 2 walithibitishwa kwa maabara, wengine 8 wakahesabiwa kuwa huenda waliugua ugonjwa huo, na wote 10 walifariki. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025. Marburg inaletwa na virusi, na virusi haoti kwenye aga hata ukimpa chakula gani. Anahitaji kipimo kingine kinachosoma chembe zake za urithi. Ndiyo maana mtaalamu anauliza maswali mengi kuhusu dalili, safari na watu uliokutana nao. Majibu yako ndiyo yanayomwonyesha kipimo cha kutumia.

Tuseme basi wazi mambo ya kufanya.

Kwanza, toa sampuli kabla ya kumeza antibayotiki. Ukianza na vidonge vya duka la dawa, hata viwili tu, unaweza kuwadhoofisha bakteria kiasi kwamba hawaoti kwenye sahani, huku mwilini bado wapo. Majibu yatasema hakuna kitu na ugonjwa utaendelea. Kama umeshameza, mwambie mtaalamu ni dawa gani na lini.

Pili, usafi wa sampuli ni kazi yako pia. Tumia kikopo ulichopewa, si chupa ya soda. Mkojo uwe wa katikati, baada ya kujisafisha. Makohozi yatoke kifuani kwa kukohoa, yasiwe mate. Peleka mapema, kwa sababu si kila kituo kina uwezo wa kuotesha, na sampuli nyingine husafirishwa hadi maabara kubwa kama ya Bugando jijini Mwanza.

Tatu, kusubiri majibu si kukaa bila matibabu. Mgonjwa anayeharisha sana apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaani ORS, saa hiyohiyo, na akimbizwe kituo cha afya. Mgonjwa mahututi huanzishiwa dawa mara tu sampuli inapochukuliwa, kisha dawa hubadilishwa majibu yakitoka. Kwa kifua kikuu zipo sasa mashine zinazotoa majibu ndani ya saa chache, na dawa zake hutolewa bure nchini kwetu. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, nenda ukapime.

Na nne, rudi kuchukua majibu. Sahani inaweza kuwa imeonyesha kwamba dawa uliyopewa haimuui bakteria wako na kwamba ipo nyingine inayomuua. Usiporudi, utaendelea kumeza ile isiyokufaa.